Viatu vya Tonge

"Leo ndiyo mwisho! Ama hivyo viatu vinavuliwa, ama mimi nitajua la kufanya!"

"Utafanya nini? Sema wenzako wasikie. Utafanya nini?"

"Iko siku nitakibeba hicho kitoto chako na makelele yake yote nikakiweke mbali huko! Hapo ndipo utajua kama mtu anahitaji usingizi au hahitaji!"

Ua mzima ukanyamaza. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake akichambua mchele na kuufaidi ugomvi ule tangu mwanzo, aliacha mkono wake ukining'inia juu ya ungo. Maneno mengine mtu huyasema kwa hasira, lakini yakishatoka mdomoni hutafuta mahali pa kukaa.

Aliyesema hayo alikuwa Mama Mikate, jirani wa chumba cha pembeni. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate usiku kucha. Asubuhi, wenzake wanapofumbua macho, yeye ndiyo kwanza anarudi, unga kwenye nyusi, miguu imevimba, anatafuta kitanda. Siku hizo mwenzake wa zamu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo alikuwa akikanda kwa mikono ya watu wawili.

Aliyeambiwa alikuwa fundi cherehani wa chumba cha katikati, mama yake Tonge, na yeye hakuwa mtu wa kuachia neno lianguke chini.

"Mwanangu hatembei hewani!" alijibu, mikono kiunoni, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni. "Atakanyaga chini, na akikanyaga kiatu kitalia. Wewe unga si unao? Kanda kidogo uzibe masikio!"

Mama mwenye nyumba aliguna kicheko akakigeuza kikohozi.

Mama Mikate hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na shuka lake la buluu kwapani na kilemba chake cha kazini kichwani. "Baki na ua wako," alisema. "Nakwenda kulala hata bustanini kwenye majani. Huko kuna wadudu, lakini wadudu wana adabu." Akapiga geti, na geti likabaki likitetemeka.

Katikati ya yote hayo Tonge alikuwa akizunguka ndoo ya maji, hana habari. Pwii. Pwii. Pwii.

Jina Tonge alipewa siku aliyozaliwa, kwa unene wake, na unene huohuo ndio ulioleta maneno. Wenzake wa rika moja walikuwa wanakimbiza kuku, yeye amekaa tu kwenye mkeka kama mwenyekiti wa kikao. Waliokuja kupima nguo walimtazama, wakatazamana. Mmoja akasema miguu ile ni ya kupambia. Mwingine akasema usijali, atatembea siku ya kwenda kuoa. Fundi alicheka nao, kwa sababu ukiwa na wateja unacheka, lakini usiku alimkanda mtoto miguu kwa mafuta hadi vidole vyake vikauma. Kisha siku moja, bila kuombwa, Tonge aliachia mguu wa cherehani akaenda hadi kwenye ndoo, akaishika, akageuka kutazama nani kaona. Bibi yake aliposikia alileta viatu vile vyekundu vyenye filimbi kwenye soli. Kila hatua, pwii. Na kwa mama yake, kila pwii ilikuwa jibu kwa midomo yote iliyosema.

Tena vilikuwa na kazi. Mashine yake ilikaa dirishani kwa ajili ya mwanga, maana yake mgongo wake ulikaa mlangoni siku nzima. Fundi alikuwa amezoea kumtazama mwanawe kwa masikio. Pwii kavu, yuko kwenye saruji. Pwii ya kukwama, yuko kwenye udongo. Kimya, amekaa chini, pengine anakula mchanga, ngoja nigeuke. Mguu unakanyaga mashine, sikio linalea mtoto.

Siku hiyo ilikuwa ya matembezi. Kwa mara ya kwanza Tonge angepelekwa kwenye bustani ya bembea, atembee mbele za watu, na fundi alikuwa amemshonea shati kwa vipande vilivyobaki vya nguo ya bwana harusi fulani. Alipokuwa ndani akipiga pasi, huku akiurudia ugomvi peke yake na safari hii akiushinda vizuri zaidi, mume wake alikaa kizingitini akivisafisha viatu vya mtoto.

Baba Tonge alikuwa fundi viatu. Kazini huweka misumari midogo katikati ya midomo, na pengine ndiyo sababu hakuzoea kuongea. Mkewe alimwona ameshika brashi, akaona na koleo pembeni, akadhani anakaza kifungo.

"Umesikia alivyonitukana huyo?" alimuuliza.

"Nimesikia. Amechoka tu."

"Wewe kila mtu kwako amechoka!"

Baba Tonge alitia kitu mfukoni, akamvika mtoto viatu, akambeba mabegani. Safari ikaanza.

Bustanini watu walikuwa wamejaa. Palikuwa na bembea, palikuwa na mteremko wa bati uliong'arishwa na makalio ya watoto, na upande wa chini, nyuma ya maua yaliyokatwa vizuri, palikuwa na bwawa la bata lenye ukingo wa mawe, mfupi, usiofika hata goti la mtu mzima. Baba Tonge alimshusha mtoto kwenye nyasi, akaenda kupanga foleni ya bembea. Fundi alitandika leso, akatoa biskuti, na kabla hajakaa vizuri akasikia anaitwa.

Alikuwa msusi, mteja wake wa siku nyingi, mwanamke ambaye saluni yake ilijua habari za mtaa kabla ya wenye habari. Sauti yake ilikuwa ya kuita mtu ng'ambo ya pili hata akikunong'oneza.

"Mwenzangu! Na huyu ndiye Tonge? Anatembea? Jamani, si walisema!"

"Waliosema watameza," alisema fundi. Furaha ilimpanda hadi kichwani. Wakakaa. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa tangu asubuhi, akaufungulia.

Aliusimulia ugomvi kwa mikono na mabega, akamwigiza Mama Mikate alivyotoka na shuka, akaongeza chumvi hapa, akaongeza tena pale. Nyuma yake aliisikia pwii ya kwenye nyasi, laini, ikienda na kurudi. Sikio lilikuwa kazini. Akaendelea.

"Sasa sikiliza alichoniambia. Kanitazama hivi, usoni, kasema: nitamwiba huyo mtoto wako!"

"Atamwiba?"

"Kasema. Mbele ya mama mwenye nyumba."

Mama Mikate hakusema hivyo. Fundi alilijua hilo hata neno likiwa bado ulimini. Lakini hadithi ilikuwa imefika mahali ambapo "nitakibeba" isingetosha, na msusi alikuwa amefungua mdomo vizuri mno.

"Huyo si mtu wa kukaa naye ua mmoja," alisema msusi.

Pwii, pwii, nyuma yao, karibu kabisa. Fundi alichukua biskuti, akaipeleka nyuma bila kugeuka, kama alivyozoea kwenye mashine. Mkono mdogo ukaipokea. Vidole vilikuwa vyembamba.

Akageuka.

Alikuwa mtoto wa kike, gauni la njano, nywele zimefungwa vifundo, anatafuna biskuti. Miguuni alikuwa na viatu vyekundu vyenye filimbi.

Fundi alimtazama yule mtoto kama vile akimtazama sana atageuka kuwa Tonge. Kisha akasimama. Nyasi zilikuwa zimejaa miguu ya watu, mikeka, mabegi, watoto wa watu. Wake hayupo.

"Tonge!" Sauti ya kwanza ilitoka ndogo. Ya pili ikageuza vichwa vya watu. "Tonge!"

Alikimbilia kwenye bembea. Mume wake alikuwa bado kwenye foleni, peke yake, na alipomwona mkewe anakuja mikono mitupu, uso wake ukabadilika.

"Yuko wapi?"

"Nilikuwa namsikia! Nilikuwa namsikia hapo nyuma yangu, viatu vinalia, nageuka si yeye, ni mtoto wa..."

"Viatu vyake havilii."

"Vipi havilii?"

Baba Tonge alitia mkono mfukoni, akautoa, akaufungua. Kwenye kiganja chake chenye madoa ya gundi zilikaa filimbi mbili za plastiki, ndogo kama punje za mahindi.

"Nilizitoa asubuhi," alisema. "Nilitaka tu yule mama alale. Nilitaka kukwambia tukifika."

Fundi hakumpiga. Alitaka, lakini mikono haikuwa yake. Alichoona ni mgongo wake mwenyewe, jinsi ulivyokaa pale umetulia, unapiga soga, na mwanawe anaondoka hatua kwa hatua bila sauti hata moja. Kutembea kwenyewe amejua juzi. Hajui kugeuka, akishika njia anaifuata tu mpaka kitu kimzuie.

"Bwawa," alisema Baba Tonge, akaanza kukimbia.

Fundi naye alitaka kumfuata, lakini msusi alikuwa ameshafika na watu nyuma yake, na sauti ile iliyozoea kupita juu ya mashine za kukaushia nywele ilikuwa imefunguliwa yote.

"Mtoto ameibiwa! Jirani yake alisema atamwiba, leoleo asubuhi, mbele ya mashahidi! Mwanamke mwenye shuka la buluu!"

"Hapana, ngoja," alisema fundi, "sijasema..." Lakini nani angemsikia?

"Buluu?" Mwanamume mmoja aliyevaa fulana ya timu ya mpira aligeuka. "Mwanamke wa shuka la buluu amepita hapo sasa hivi. Amebeba mtoto analia, kamvua viatu. Anaelekea getini!"

Moyo wa fundi ulipasuka pande mbili. Upande mmoja ulisema: Mungu wangu, yuko hai. Upande mwingine ulisikia sauti ya asubuhi, nikakiweke mbali huko, na kwa muda wa pumzi moja aliliamini lile neno alilolitunga mwenyewe. Aliliamini kabisa. Ndipo alipokimbia, na watu wakakimbia naye, na kila waliyempita aliuliza kuna nini, akajibiwa: mwizi wa watoto.

Getini watu walikuwa wameshasongamana. Fundi alisukuma migongo. Katikati ya duara alimwona Mama Mikate, amebana mgongo kwenye ukuta wa kibanda cha mlinzi, kilemba kimeng'olewa kichwani, mdomo unatoka damu. Yule wa fulana alikuwa amemkaba nguo shingoni. Mwingine alikuwa ameinama kando ya barabara, akainuka na tofali. Na Tonge alikuwa kifuani pa Mama Mikate, amefungwa ndani ya lile shuka la buluu, analia hadi sauti imekauka, na mikono miwili ya watu inamvuta, na Mama Mikate hamwachii.

"Ni wa jirani yangu!" alikuwa akisema. "Nampeleka kwa mlinzi atangaze! Ni wa jirani yangu!"

"Jirani yako ndiye anayekutafuta!"

"Mama mtoto huyu hapa!" alipiga kelele msusi. "Mpisheni mama mtoto!"

Watu wakampisha. Njia ikafunguka mbele yake, na macho yote yakamgeukia. Aliyeshika tofali alimsubiri, anahema.

"Mama, ndiye huyu aliyesema atamwiba? Sema tu."

Fundi aliwatazama wawili wale ukutani. Viatu vyekundu vilikuwa vinaning'inia kwenye kidole cha Mama Mikate, vinachuruzika maji. Nguo yake ilikuwa imelowa hadi mapajani, na majani ya kijani ya bwawa yamemganda gotini. Mtoto alikuwa mkavu usoni na kichwani, amelowa miguu tu. Mtu alikuwa ameingia bwawani kumtoa kabla hajazama.

Macho yao yakakutana. Mama Mikate hakuomba. Alimtazama tu, kama mtu anayesubiri kusikia ni neno gani litakalotolewa safari hii.

"Huyo ni dada yangu," alisema fundi.

"Nini?"

"Ni dada yangu! Ni mama mkubwa wa mtoto! Mwachieni!"

"Si ndiye uliyeniambia..." alianza msusi.

"Nilikudanganya!" Alisema kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kwenye ugomvi, sauti ya ua mzima, ili wa nyuma naye asikie. "Hakusema atamwiba! Niliongeza mimi! Mimi ndiye niliyekuwa napiga domo na mtoto akaniponyoka, na yeye ndiye aliyemtoa majini! Mtazameni nguo zake! Mnataka kumpiga mtu, anzeni na mimi!"

Msusi alirudi nyuma nusu hatua, kama mtu aliyegusa pasi. Yule wa fulana aliachia shingo ya nguo polepole, akijifuta mkono kwenye suruali. Lakini wa tofali alibaki palepale.

"Mnatuchezea akili," alisema. "Mnatukimbiza, halafu mnatuambia ni ndugu?"

Hapo mambo yangeweza kwenda upande wowote. Fundi aliingia kati, akasimama mbele ya Mama Mikate, mgongo wake ukigusa shuka lililolowa. Alilisikia tumbo la mwanawe likipanda na kushuka kwa kwikwi. Hakugeuka kumchukua. Alijua akimchukua, yule mwanamke wa nyuma yake atabaki hana kitu cha kumkinga.

Baba Tonge ndiye aliyepasua duara kutoka upande wa pili, viatu vyake vimejaa tope la bwawa, pamoja na mlinzi. "Huyu ni mke wangu, yule ni mwanangu, na huyu ni jirani yetu," alisema, na kwa yeye hiyo ilikuwa hotuba. Akamtazama wa tofali. "Kaka, weka chini. Tafadhali."

Mlinzi alipuliza kipenga. Tofali likaanguka. Watu walianza kutawanyika, kila mmoja akielekea alikokuwa amesahau kitu.

Mama Mikate alimkabidhi mtoto. Akavaa shuka lake mabegani lilivyo, maji yanatiririka, akatangulia njiani. Kilemba chake kilibaki chini, kimekanyagwa, kimechanika kati. Fundi alikiokota.

Jioni ile mama mwenye nyumba aliuliza zaidi ya mara moja bustani ilikuwaje. Fundi, ambaye angeweza kukusimulia safari ya kwenda chooni ukaitamani, alisema, "Nzuri," akaingia ndani.

Alisimama mbele ya mashine yake muda mrefu. Kisha akamwita mume wake. Wakaishika, huku na huku, wakaigeuza. Sasa dirisha lilikuwa mgongoni, mlango mbele. Kivuli chake mwenyewe kilianguka juu ya sindano.

"Utashona vipi gizani?" aliuliza Baba Tonge.

"Nitakodoa macho."

Akafua kilemba, akakikausha kwa pasi, akakishona palipochanika, mshono mdogomdogo wa kuingilia ndani usioonekana. Alipomaliza akakishona tena pembeni, ili asimalize. Mwishowe hapakubaki pa kushonwa. Akakikunja, akamshika Tonge mkono, peku, wakavuka ua.

Mlango wa chumba cha pembeni ulikuwa wazi, umeshushwa pazia. Ndani palinukia mkate uliopashwa moto juu ya kikaango na chai ya tangawizi. Mama Mikate alikuwa anajiandaa kwenda kazini, tena bila kulala.

"Nani?"

"Mimi."

Kijiko kikaacha kukoroga.

"Una nini?"

"Nimeleta kilemba chako."

"Tundika hapo kwenye kitasa."

Fundi alikitundika. Miguu ikakataa kuondoka. Alisikia kiti kikisogezwa, kisha sauti ile ile, lakini safari hii ya chini, ya mdomo uliovimba.

"Ulimwambia yule msusi nilisema nitamwiba?"

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

Fundi alitafuta jibu zuri. Alikuwa nayo mengi siku zote. "Alikuwa ananisikiliza," alisema.

Ng'ambo ya ua mama mwenye nyumba alikuwa ameacha kufagia.

"Mimi nilisema nitambeba."

"Ndiyo. Ulisema utambeba."

"Nikambeba."

"Ukambeba. Dada, wangekuua."

"Nilikuwa palepale. Nilikuwa naona."

Fundi alishusha macho, atafute mkono wa Tonge aushike vizuri, wageuke. Mkono haukuwepo. Alishtuka tena kama mchana, hadi alipoona ncha ya pazia ikitikisika na kisigino kinene kikimalizikia ndani.

"Wewe!" alisema Mama Mikate huko ndani. "Umeingiaje? Mbona sijakusikia?" Kiti kililia, kama mtu anaponyanyua kitu kizito na kukiweka pajani. Kisha sauti ya mkate mkavu ukivunjwa. "Shika. Usimwage."

Pazia likavutwa. Mama Mikate alisimama pale, mdomo umevimba upande mmoja, Tonge kiunoni, mashavu yote mawili ya mtoto yamejaa. Alikitazama kilemba kwenye kitasa, akapitisha kidole pale kati palipochanika, akatafuta mshono, hakuuona.

"Vile viatu nilivyomvua ni bubu. Kesho mwambie mumeo azirudishe filimbi zake," alisema. "Nitaziba masikio. Unga si ninao?"

Fundi alishika ncha ya pazia, miguu bado nje ya kizingiti.

"Na usinisimamie mlangoni kama mdai. Mwite na baba yake. Ingieni mle, chai inapoa."